Hesabu za enthalpi: onyesha hali ya kila kitu kabla ya kushika kikokotoo

Wengi wanaokosa hesabu za enthalpi, yaani za joto linaloingia au kutoka kwenye mmenyuko au mabadiliko ya hali, wanajua kujumlisha na kutoa vizuri kabisa. Wanachokosea ni mlinganyo: wameandika H₂O na kuishia hapo, bila kuonyesha kama ni maji au mvuke. Tazama methani inavyoungua, ambapo (g) ni gesi na (l) ni kimiminika:

CH₄(g) + 2O₂(g) → CO₂(g) + 2H₂O(l)

Enthalpi za uundikaji (badiliko la enthalpi moli moja ya kitu inapoundwa kutoka kwa elementi zake) kwa 25°C ni hizi: CO₂ −393.5, maji −285.8, methani −74.8, zote kwa kJ/mol. Oksijeni ni sifuri, maana ni elementi iliyo katika hali yake ya kawaida. Kupata badiliko la enthalpi, ΔH, chukua jumla ya mazao, toa jumla ya vilivyoingia:

ΔH = [−393.5 + 2(−285.8)] − [−74.8] = −890.3 kJ

Usifungue mabano mapema. Ile −(−74.8) ndiyo inayowaangusha watu, ni lazima igeuke kuwa +74.8.

Sasa badilisha (l) iwe (g). Thamani ya mvuke ni −241.8, na jibu linakuwa −802.3 kJ. Hiyo tofauti ya 88 kJ ni joto la kugeuza moli 2 za maji kuwa mvuke, 44 kJ kwa kila moli. Ukisoma mstari usio wako kwenye jedwali, umekosea kwa karibu asilimia 10, na hakuna kitakachokushtua.

Kwenye mabadiliko ya hali, gawa safari vipande. Tuseme gramu 50 za barafu ya −10°C zinageuka mvuke wa 100°C:

Barafu kupanda hadi 0°C: 50 × 2.09 × 10 = 1,045 J
Kuyeyuka: 50 × 334 = 16,700 J
Maji kutoka 0 hadi 100°C: 50 × 4.18 × 100 = 20,900 J
Kuwa mvuke: 50 × 2,260 = 113,000 J

Jumla ni 151,645 J, yaani takriban 151.6 kJ. Karibu robo tatu yake imekwenda kwenye hatua ya mwisho, ambako kipimajoto hakisogei hata kidogo. Ndiyo maana huwezi kutumia mcΔT (masi mara joto mahususi, kama 2.09 au 4.18 J/g°C hapo juu, mara badiliko la halijoto) hapo: ΔT ni sifuri, na fomula itakupa sifuri. Angalia vipimo pia. Ukikuta 40.7 kJ/mol kwa maji yanayochemka, hiyo ni ile ile 2,260 J/g mara 18.02, usiizidishe kwa gramu. Na usishangae kwamba si 44, kwa sababu ile ni ya 25°C na hii ni ya 100°C.

Maabara ina mitego yake. Changanya mL 50 za asidi ya hidrokloriki ya 1.0 M (moli 1.0 kwa lita) na mL 50 za haidroksaidi ya sodiamu ya 1.0 M, zote zikiwa na joto sawa. Tuseme joto limepanda 6.7°C. Masi ni gramu 100, si 50, kwa kuwa myeyusho wote umepata joto:

q = 100 × 4.18 × 6.7 ≈ 2,800 J

Moli zilizotenda ni 0.050, kwa hiyo 2.80 ÷ 0.050 = 56 kJ kwa moli. Myeyusho umepokea joto, mmenyuko umelitoa: andika ΔH = −56 kJ/mol. Thamani inayokubalika ni karibu −57.

Ukipata −48 au −50, kwanza shuku kikombe kinachovujisha joto. Weka kifuniko, soma kipimajoto kila sekunde 30 kwa dakika kadhaa, chora grafu, kisha rudisha mstari wa kupoa nyuma hadi wakati wa kuchanganya. Joto la juu kabisa ulilolisoma kwa macho huwa dogo kuliko la kweli, kwani kikombe kilishaanza kupoa kabla hujalisoma.