Kambi ya wikendi Malindi, na kuvua kwa manyoya

Kaka, umeuliza kama wewe na wenzako wawili mnaweza kupiga tenti mdomoni mwa Sabaki, mvue kwa ndoana za manyoya (fly fishing, ndoana iliyofungwa manyoya badala ya chambo) halafu Jumapili mtembee. Kuvua sawa, kulala hapo sahau. Mto ule una mamba na viboko, na kiboko usiku ndo anatoka majini kula nyasi, hataki kukuta tenti njiani kwake. Tafuteni kempu yenye mlinzi.

Samaki sasa. Angalieni mwezi kabla ya kufunga mabegi, manake wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanakimbia vibaya. Mi napenda alfajiri maji yakianza kujaa, upepo haujaamka, sababu manyoya ni mepesi na upepo wa kusi ukipiga ndoana inakurudia sikioni. Mkiweza subirini msimu wa upepo wa kaskazi, bahari inatulia. Ufuoni tegemeeni kolekole wadogo, sulisuli ni mambo ya boti na hiyo ni bajeti ingine kabisa. Na ndani ya mbuga ya bahari (marine park) hakuna kuvua, hata kwa mchezo, ulizeni mipaka mapema.

Kutembea nendeni Marafa, yale makorongo mekundu na meupe ya Nyari. Shukeni saa kumi jioni, mchana kule chini kunachoma kama tanuri, na mchukue kijana wa pale awaongoze, njia zinachanganya. Maji bebeni mengi.

Rili, ile ya kuzungushia uzi wa kuvulia, ioshe kwa maji matamu usiku huohuo, usingoje kufika nyumbani.