Huombi chuo, unaomba mtu

Mdogo wangu, voisi noti yako ya dakika sita nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye basi natoka kazini baridi imenikata vidole. Umeuliza hivi: uko mwaka wa pili unasoma saikolojia, umeambiwa Marekani unaruka masters unaingia PhD moja kwa moja na juu yake unalipwa, je ni kweli, na kama ni kweli mbona mimi nilimaliza degrii 2022 nikaanza PhD 2024. Na najua kwenye grupu la ukoo kuna mtu alishasema huyu naye kazi yake kusoma tu. Naandika hapa wazi maana mmeniuliza zaidi ya mmoja.

Ni kweli, masters sio lazima, vyuo vingi tu huku vinachukua mtu mwenye degrii ya kwanza. Na PhD ya kueleweka hulipi ada, wanakusamehe ada alafu wanakupa posho ya kila mwezi kwa kufundisha au kufanya utafiti wa profesa. Hapo wengi ndo wanaachia kusikiliza wanaanza kufunga mabegi.

Sasa sikia. Mimi nilikuwa tayari niko huku, nilianza na zile koleji za miaka miwili za bei nafuu nikahamia chuo kikuu, GPA yangu ilikuwa nzuri na sisemi kwa kujisifu. Desemba 2021 nikiwa bado sijamaliza nikaomba vyuo 11. Kumi na moja! Kila fomu kama dola 75, jumla ikaja kama 825, kwa hela ya nyumbani wakati ule karibu milioni mbili, na punguzo la ada ya fomu vingi wanawapa raia wao tu. Nakumbuka niko beismenti ya laibrari saa saba usiku natafuta 255 kwenye ile orodha ya namba za simu za nchi, Tanzania iko chini kabisa unashuka mpaka kidole kinauma. Januari kimya. Februari kimya. Machi zikaanza kuingia imeili za "tunasikitika", nyingine hazikuja kabisa mpaka leo. Sifuri kati ya 11. Nilimwambia mama bado nasubiria majibu, nikamwambia hivyo mpaka mwezi wa sita.

Kosa langu nililielewa baadaye. Nilikuwa naomba kama tunavyoomba chuo Tanzania, unaangalia jina la chuo, una vigezo, unajaza, unasubiri selekshen. Huku PhD ya saikolojia kwa sehemu kubwa huombi chuo, unaomba mtu. Kuna profesa mmoja ana maabara yake, mwaka huu anachukua mwanafunzi mmoja au hachukui kabisa, na yeye ndo anayesema namtaka huyu. Vyuo viwili kati ya vile 11 profesa niliyemtaja kwenye barua yangu alikuwa hachukui mtu mwaka ule, na ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wake, mstari mmoja tu, mimi sikusoma. Dola 150 nimezitupa hivyo.

Na ile barua ya malengo ndo usiseme. Ya kwanza nilianza na habari ya mjomba alivyougua, akazungushwa kwa waganga, mwisho akapelekwa Mirembe Dodoma, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mi mwenyewe nililia nikiiandika. Baadaye mwalimu wangu mmoja akaniita akaniambia taratibu, hii inanionyesha kwanini unaipenda saikolojia, haionyeshi unataka kuchunguza nini. Alafu akaniambia kitu ambacho kwetu hakuna anayekuambia, kwamba kwenye fani hii yenyewe ukimwaga habari za ugonjwa wa akili wako au wa nyumbani kwenu kwenye maombi, wapo wanaokukata hapohapo. Watu wa saikolojia! Inaudhi lakini ndo ilivyo.

Basi nikamaliza degrii nikapata kazi ya kusimamia maabara, wanaita lab manager, kwa kibali cha OPT, kile cha mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ya fani yake baada ya kumaliza. Hapa uwe makini kama siku moja utasoma degrii huku: OPT ya kawaida ni miezi 12, ila kozi ikiwa imeandikishwa kama STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, unaongezewa 24, na kwenye saikolojia inategemea namba ya kozi yako kwenye I-20, ile fomu ya viza unayopewa na chuo, zile zinazoanza na 42.27 zimo. Rafiki yangu kozi yake haikuwemo, mwaka ulipoisha akafunga virago.

Maabara yenyewe ilikuwa ya watoto wadogo. Kazi yangu kupigia wazazi simu, kuangalia video za mama na mtoto sekunde kwa sekunde naandika nani kamtazama nani, na kuandaa kile kinyavu cha EEG cha kupima umeme wa ubongo. Kina vidude 128 vyenye sponji, unakichovya kwenye maji ya chumvi ya potasiamu yenye matone ya shampuu ya watoto, ndo unamvalisha mtoto haraka kabla hajaanza kulia. Sasa sponji lazima iguse ngozi ya kichwa. Akija mtoto mweusi kasukwa nywele zake vizuri, mama kamwamsha alfajiri kumpendezesha, kinyavu hakikai, data inatoka chafu, tunaandika "ondoa". Nimeandika hilo neno mara nyingi mno, na mimi mwenyewe nina rasta kichwani. Nikaanza kuhesabu ni watoto gani wanaoondolewa. Hiyo hesabu ndo ikawa aya ya kwanza ya barua yangu ya pili, mjomba nikamwacha apumzike.

Desemba 2023 nikaomba 9. Safari hii Agosti na Septemba nilishawaandikia maprofesa mmojammoja, imeili fupi, nani mimi, nimefanya nini, unachukua mwanafunzi mwakani? Wanne hawakujibu. Mmoja alinijibu kwa uungwana kabisa kwamba hela aliyonayo ni ya serikali kwa ajili ya raia na wenye grinikadi, na hii lazima muielewe, ruzuku nyingi kubwa za wanafunzi kama za NSF na nyingi za NIH, mashirika ya serikali yao yanayofadhili utafiti, sisi wa viza ya mwanafunzi, F-1, hatugusi, kwa hiyo profesa akikuchukua wewe anajua hutaweza kuomba hela ile. Sio roho mbaya, ni hesabu. Nikapata intavyuu mbili, moja wakanikataa, nyingine wakaniweka kwenye orodha ya kusubiri. Huku Aprili 15 ndo mwisho wa waliopewa nafasi kuamua, wakikataa wanaitwa wa kusubiri, kwahiyo siku mbili za mwisho simu ndo zinaita. Mimi nilipigiwa tarehe 14 nikiwa sehemu ya kufulia, nguo zikabaki kwenye mashine mpaka zikanuka.

Kuhusu kulipwa, niseme ukweli ili msinichukie. Mkononi napata kama dola 2,100 kwa mwezi, chumba cha kushea 825, na mkataba ni miezi tisa, kiangazi unajitafutia hapohapo chuoni maana kazi za nje viza hairuhusu. Ndo maana nimepunguza kutuma.

Shangazi na wewe nikujibu hapahapa, hapana, sitakuwa daktari wa wagonjwa. Mimi niko saikolojia ya makuzi. Ya kutibu ni ya kliniki, na hiyo kuipata ni vita, programu moja inaweza kupokea maombi mia kadhaa ikachukua watu wanane, na mwishoni kuna mwaka mzima wa intanshipu. Ukiona mtu anawauzia udaktari wa saikolojia kwa ada ya dola elfu thelathini kwa mwaka mjue sio hii ninayosema, pigeni hesabu kwanza.

Sasa mdogo wangu, uombe ukiwa bado mwanafunzi? Omba kama umeshagusa utafiti wa kweli, sio ile ripoti ya mwaka wa tatu tu. Uko pazuri kuliko unavyodhani, nenda kwa mwalimu mwenye mradi umuombe hata kuingiza data bure likizo hii, angalia na nafasi za wasaidizi wa utafiti kwenye taasisi za utafiti wa afya kama Ifakara, Muhimbili, NIMR. Utahitaji watu watatu wa kukuandikia barua, na mwalimu aliyekuona kwenye darasa la watu mia nne atakuandikia nini zaidi ya kwamba ulipata A? Angalia na Kanada, kule kawaida unaanzia masters na nyingi wanakulipia.

Na hiyo imeili uliyomwandikia profesa, usiitume, nirushie kwanza. Kama umeweka ile sentensi ya Mungu akubariki wewe na familia yako, itoe, najua kwetu ni adabu, huku atadhani unamuomba hela.