Fowili haitoshi, anza na tairi

Ndugu, umeuliza kama RAV4 yenye fowili (injini inayosukuma magurudumu yote manne) itawatosha wewe na familia msimu wenu wa kwanza wa baridi Montreal. Fowili itakusaidia kuondoka kwenye theluji. Kusimama kwenye barafu ni kazi ya tairi, hata muuzaji aseme nini. Mpira wa tairi za kawaida hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, kwa hiyo funga za theluji zote nne, si mbili tu. Quebec, jimbo la Kanada lenye Montreal, tairi hizo ni sheria, Desemba 1 hadi Machi 15. Gari likiteleza, toa mguu kwenye mafuta, elekeza usukani unakotaka kwenda. Madarajani punguza mwendo mapema, huganda kwanza. Watoto wavue makoti mazito kabla ya kufungwa mikanda.