Bangi ya dawa: leseni inaanzia kwenye udongo

Msomaji mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ametuandikia swali ambalo wengi huliuliza kwa sauti ya chini. Zambia imeruhusu bangi ya dawa kwa sheria tangu 2021, mpaka wa Kasumbalesa uko karibu, yeye ana hekta mbili upande wa Kipushi na shemeji mwenye pesa kidogo. Aanze kupanda lini?

Asianze. Katika Kongo hakuna sheria inayotoa leseni ya kulima bangi kwa ajili ya dawa. Kulima, kusafirisha na kuuza ni kosa, na karatasi ya ruhusa atakayokuuzia mtu haina nguvu hata ikipigwa muhuri wa chefu wa kijiji au wa komini. Mbegu za kupitisha Kasumbalesa ndani ya gunia la unga, usijaribu hata kuzifikiria.

Lakini ndugu, kazi ipo, na ni halali kuifanya leo. Siku Leta, yaani serikali, itakapofungua mlango, watakaopita ni wale waliojua mapema mkaguzi anauliza nini.

Wengi hudhani leseni ya bangi ni kama patenti ya duka: unalipa, unapewa karatasi, unaitundika ukutani. Sivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 unaitaka nchi inayoruhusu kilimo hiki kuwa na mamlaka ya taifa inayotoa leseni, inayochagua mashamba, na inayochukua mavuno mkononi mwake ndani ya miezi minne baada ya kuvuna. Maana yake humuuzii unayemtaka. Kila mzigo unaovuka mpaka unahitaji kwanza cheti cha nchi inayopokea, ndipo nchi inayotuma itoe kibali chake, kwa mzigo ule tu. Lesotho ilianza kutoa leseni 2017, Zimbabwe 2018, Malawi ikatunga sheria yake 2020. Rwanda ilitoa kanuni zake 2021: ni kwa kuuza nje tu, raia wake bado hawaruhusiwi kuitumia. Na wale wanaosema dunia iliifungulia bangi Desemba 2020 wamesoma nusu ya habari. Kura ya tume ya Umoja wa Mataifa huko Vienna, 27 dhidi ya 25, iliitoa kwenye orodha ya nne ya mkataba ule, yenye masharti makali kuliko zote, na kuiacha kwenye orodha ya kwanza, ambayo nayo ina udhibiti mkali. Udhibiti wa karatasi haukulegea.

Sasa tuje kwenye udongo, maana hapa Lubumbashi mipango mingi itavunjikia hapo.

Tanuru la shaba la mji huu lilianza kuyeyusha 1911. Upepo wetu mwingi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa miaka hiyo yote ulitua zaidi upande wa kaskazini-magharibi, na udongo wa huko umebeba shaba, kobalti, risasi, kadimi na arseniki. Ongeza vumbi la malori ya migodi na maji ya mito inayopita chini ya viwanda. Bangi huvuta metali kutoka ardhini kwa nguvu, kiasi kwamba watafiti wameijaribu bangi ya nyuzi kama mmea wa kusafisha udongo uliochafuka. Sifa hiyo hiyo ni balaa kwa anayetaka kutengeneza dawa. Maua nayo yana utomvu unaonata: vumbi likitua juu yake wakati wa kiangazi halioshwi likatoka.

Angalia kipimo cha California, moja ya majimbo yenye kanuni zilizoandikwa kwa undani. Maua ya kuvutwa kwa pumzi hayaruhusiwi kuzidi mikrogramu 0.2 za kadimi kwa gramu moja, risasi 0.5, arseniki 0.2, zebaki 0.1. Ukikamua mafuta, unatoa kilo chache kutoka maua mengi, na metali inaweza kujikusanya humo. Fungu lililokuwa limepita likiwa maua laweza kuanguka likiwa mafuta.

Kwa hiyo pima. Tembea zigizaga ndani ya kila hekta, chukua vijisampuli 15 hadi 20 kutoka kina cha sentimita 0 hadi 20, kisha vingine kutoka 20 hadi 40, kila kina kwenye ndoo yake. Tumia koleo la chuma kisichoshika kutu na ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati inaongeza zinki yake mwenyewe. Changanya, punguza hadi kilo moja, kausha kivulini, chekecha kwenye matundu ya milimita 2, andika mahali na tarehe. Omba maabara pH (kipimo cha uchachu wa udongo) pamoja na kadimi, risasi, arseniki na zebaki. Kipimo cha shaba peke yake hakikusaidii. Kitivo cha agronomia cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kina uzoefu mkubwa na udongo uliochafuliwa na migodi, basi anzia hapo kabla ya kumlipa mtaalamu wa mbali. pH ikiwa chini ya 6, kadimi huachana na udongo kwa urahisi na kupanda kwenye mmea. Chokaa husaidia, lakini haiiondoi. Pima na maji ya kumwagilia. Angalia pia mbolea, kwa sababu baadhi ya mbolea za fosfati huja na kadimi ndani yake. Majibu hayo yatakufaa hata kama sheria haitakuja: lengalenga nayo huvuta kadimi, na watoto wetu wanaila kila siku.

Jambo la pili ambalo matangazo ya wauza mbegu hayalisemi ni mwanga. Bangi nyingi ya kisasa ilizalishwa kwa nchi za kaskazini, ambako mchana wa kiangazi unapita saa 14, na hubaki bila maua mpaka usiku urefuke. Hapa kwetu mchana mrefu kabisa wa Desemba haufiki saa 13. Mbegu hizo zitatoa maua zikiwa na kimo cha goti na mavuno yatakuwa ya kusikitisha. Dawa yake ni taa za kurefusha mchana hadi saa 18, nazo zinahitaji umeme usiokatika. Umeme ukikatika usiku mara kwa mara, mmea unaanza maua, unarudi nyuma, na mara nyingine unatoa maua dume yanayojaza mbegu kwenye fungu zima. Atakayepiga hesabu ya shamba bila jenereta amepiga hesabu ya shamba lisilokuwepo.

Kisha daftari. Mkaguzi haji kuangalia uzuri wa mimea, anakuja kujumlisha. Kilo 100 za maua mabichi hutoa takribani kilo 20 hadi 25 za makavu, na kila kilo iliyopotea njiani lazima iwe na maelezo. Kosa linaloleta fedheha bila mtu kuiba ni unyevu. Fungu la kilo 10 lenye unyevu wa asilimia 13, likikauka hadi asilimia 9, linakuwa kilo 9.56. Gramu 440 zimekwenda hewani, na bila kipimo cha unyevu kando ya kila uzito, mkaguzi atakuandikia wizi. Pima uzito na unyevu saa ile ile, kwa mizani iliyohakikiwa, watu wawili waweke sahihi. Mabaki ya shina na majani yasitupwe shimoni: jimbo la Washington linataka yasagwe na kuchanganywa na takataka nyingine angalau nusu kwa nusu, yasiweze kutumika tena.

Kwenye maabara, ua bichi halina THC nyingi, yaani kemikali inayolevya, lina asidi yake, THCA, inayogeuka THC kwa joto. Mashine ya kromatografia (ya kutenganisha na kupima kemikali) ya gesi huchoma sampuli na kuigeuza, ya kimiminika haiigeuzi. Ripoti nzuri inaonyesha zote mbili, na jumla yake ni THC pamoja na THCA mara 0.877. Ripoti yenye namba moja tu, irudishe. Halafu uliza nani alichota sampuli. Maua ya juu hupata mwanga mwingi na huwa makali kuliko ya chini. Mkulima akichota mwenyewe atachota ya juu. Huko Marekani uzembe huu umeleta lebo zilizotiwa chumvi, maana mkulima anailipa maabara na anaweza kuhamia ile inayompa namba kubwa. Mchota sampuli asiwe na faida kwenye jibu. Sheria yetu ikija bila sentensi hiyo, itakuwa imeharibika siku ya kwanza.

Na isije bila utafiti. California ilifungulia wagonjwa 1996, lakini kwa miongo mingi tangu 1968 bangi ya utafiti iliyokubaliwa na serikali kuu ya Marekani ilitoka shamba moja tu, la Chuo Kikuu cha Mississippi. Wazalishaji wengine walianza kuruhusiwa 2021. Wagonjwa walitumia bidhaa moja, watafiti wakapima nyingine. Sisi tuna kifafa kingi na madaktari wachache wa mishipa ya fahamu. Leseni za kwanza ziende kwa hospitali na vyuo, chini ya kamati ya maadili na ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo, kila fungu likiwa na cheti chake cha maabara, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kuuza nje.

Kile kilichothibitishwa ni kidogo kuliko kelele. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD iliyosafishwa (kemikali ya bangi isiyolevya), tarehe 25 Juni 2018, kwa aina mbili kali za kifafa cha watoto. Dozi ya kuanzia ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili, mara mbili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 100 kwa siku, basi kichupa cha mafuta ya CBD kilichoandikwa miligramu 300 kingemwishia kwa siku tatu. Anayeuza kichupa hicho kama tiba ya mwezi mzima anauza kitu kingine. Dawa yenyewe hudai vipimo vya ini kabla ya kuanza, na tena baada ya mwezi 1, 3 na 6, hasa kwa mtoto anayetumia valproati, dawa nyingine ya kifafa.

Mzazi ambaye tayari anampa mtoto matone ya bangi ya kununua sokoni amwambie daktari, na asiikate fenobarbitali, dawa yake ya kifafa ya hospitali, kwa kuwa matone yanaonekana kufanya kazi. Hiyo hupunguzwa polepole, kwa wiki nyingi, chini ya macho ya daktari. Ikikatwa ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo bila kukoma, na mtoto akafa kabla hajafikishwa hospitali.