Kiwanja Kisicho na Mnara: Usiamini Kimya cha Redio

Vijana wanaoanza kazi ya kurusha ndege ndogo huku kanda ya kati huniuliza mambo mengi. Joto la Dodoma saa nane mchana linakula nguvu ya injini kiasi gani, mafuta yanapatikana wapi, kiwanja fulani kinateleza masika au hakitelezi. Maswali mazuri yote. Ila ni nadra mtu kuniuliza kuhusu ndege nyingine, kwa sababu akitazama anga ya Kondoa au Singida haoni kitu. Ni kweli anga ni kubwa. Lakini njia ya kurukia ni moja, na kila anayekuja anaitaka hiyohiyo.

Uwanja wa Dodoma una mnara, na mwongoza ndege anakupanga na wenzako: wewe subiri, wewe tua, wewe ondoka. Ukifika kwenye kiwanja cha changarawe huko wilayani hakuna wa kukupanga. Kila rubani anajitangaza mwenyewe redioni: yeye ni nani, yuko wapi, kimo gani, anataka kufanya nini. Utaratibu huu unafanya kazi, na nimeufanyia kazi miaka mingi. Unachodai ni kwamba kila mtu awe na redio nzima, awe kwenye masafa sahihi na ajue alipo. Sasa hesabu ni mara ngapi yote matatu yanatimia kwa watu wote kwa wakati mmoja.

Hatari zaidi ni viwanja vya mteremko. Vingi vya misheni na vya hospitali vimechongwa ubavuni mwa kilima, kwa hiyo upepo ukiruhusu unatua ukipanda na unaruka ukishuka. Maana yake anayetua na anayeruka wanatazamana uso kwa uso. Kiangazi kimoja nilikuwa kichwani mwa kiwanja cha namna hiyo, mgonjwa amekwisha kufungwa mikanda kwenye machela, injini inanguruma, nimetangaza mara mbili kwamba naruka kushuka. Kimya. Kabla sijaachia breki nikatazama tena lile bonde, nikaona taa. Taa moja, ndogo, haiendi kushoto wala kulia. Ndege ambayo haisogei kwenye kioo chako ndiyo inayokujia. Nikasogeza yangu pembeni kwenye majani. Yule bwana akatua, akanipita na vumbi lake, akaegesha, akashuka amekunja uso: "Kaka, mbona nakuita hujibu?" Redio yake ilikuwa bado kwenye masafa ya uwanja alikotoka. Alijitangaza vizuri kabisa, tena kwa Kiingereza kilichonyooka, kwa watu waliokuwa mbali huko alikotoka.

Kwa hiyo kimya hakina maana ya kiwanja kitupu. Huenda mwenzako yuko masafa mengine, sauti ameipunguza apate kuongea na abiria, au kitufe cha maikrofoni kimekwama. Redio zetu pia zina tabia moja mbaya: wawili wakibonyeza kwa pamoja, kinachosikika ni mlio wa kukwaruza tu, na wao wenyewe hawajui. Ukiusikia mlio huo, sema mara moja kwamba wawili wameongea pamoja na warudie. Wengi wetu tunanyamaza, tukingoja mwingine aseme.

Na kujibiwa nako si mwisho wa habari. Tarehe 19 Novemba 1996, kwenye uwanja wa Quincy, jimbo la Illinois, Marekani, usio na mnara, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900 ilikuwa inakuja kutua. Marubani wake waliuliza kama ile ndege iliyo kwenye njia ya pili, inayokatiza ya kwao, itasubiri. Wakapata jibu la mtu anayesubiri. Kumbe aliyejibu alikuwa kwenye ndege nyingine ndogo, nyuma ya ile waliyoiuliza, na sehemu ya maneno yake ilimezwa na sauti ya mtambo wa kutaja kimo ndani ya ndege ya abiria. Ile ya mbele, King Air, ikaanza kukimbia. Zikakutana penye makutano ya njia na watu wote 14 wakafa. Tangu niisome habari hiyo, jibu lisilo na namba ya ndege silihesabu. Nauliza tena, hata kama mtu ataniona msumbufu.

Kwa upande mwingine kuna Watsonville, California, tarehe 18 Agosti 2022. Cessna 152 ilikuwa kwenye mzunguko wa kawaida wa kutua. Cessna 340 ya injini mbili ikaja moja kwa moja kutoka mbali, kwa kasi ya kama kilomita 330 kwa saa, kasi ambayo hakuna anayetua nayo. Wote wawili walikuwa wakitangaza, masafa yaleyale. Zikagongana, na watatu wakafa. Kisa hiki nakiona karibu na kwetu kuliko hata kile cha Quincy, kwa sababu huku Cessna Caravan, ndege ya abiria ya injini moja, yenye watalii wa Ruaha, inayowahi ratiba, hupenda kunyoosha hadi Msembe, kiwanja cha hifadhini, bila kuzunguka, wakati rubani wa Cessna 206, ndege ndogo zaidi, bado anapita chini kufukuza pundamilia kwenye njia ya kurukia. Kupita chini kwenyewe ni kazi ya lazima. Ila kutangaze kama unavyotangaza kutua, useme unaelekea upande gani, na ukimaliza useme unapandia wapi.

Ukija na ndege ya kasi, fanya mzunguko. Dakika tatu unazookoa hazina faida. Kwa kanuni za kimataifa, zilizo kwenye Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kati ya wawili wanaokaribia kutua, aliye chini ndiye mwenye haki ya kutangulia. Lakini kanuni hiyohiyo inamkataza kuitumia haki hiyo kumkatiza mwenzake aliyekwisha kufika hatua ya mwisho. Nusu ya pili wengi wameisahau.

Kuhusu kutaja ulipo: ukiwa Singida ukasema "niko juu ya ziwa", hujasema kitu, kwani mji una Singidani na una Kindai. Taja upande wa dira, umbali kutoka kiwanjani na dakika ya kufika. Dakika ndiyo inayosaidia kuliko vyote. Mkigundua mnafika dakika ileile, mmoja akubali mapema kuzunguka nje huko, msingoje kubishana mkiwa mnaona kiwanja. Anza na jina la kiwanja na umalizie nalo, kwa sababu masafa yaleyale hutumiwa na viwanja vingi. Na tafadhali, Kiswahili chetu kitamu tukiache kidogo wakati huo. Rubani wa Kikenya atakuelewa. Yule wa Afrika Kusini anayekuja nyuma yako hataelewa.

Usijidanganye kwa vimo pia. Pasipo na mnara hakuna wa kukupa kipimo cha mgandamizo wa hewa cha pale, ambacho saa ya kimo huwekwa nacho. Mmoja ameacha kipimo cha Dodoma, mwingine cha Arusha, kila mmoja anaona futi 6,000 kwenye saa yake ya kimo na hawako kimo kimoja. Au mbaya zaidi, wanasoma tofauti na wako kimo kimoja.

Yanayobaki ni kazi ya macho. Ndege mbili zinazoelekeana, kila moja kilomita 220 kwa saa, zinasogeleana zaidi ya kilomita saba kwa dakika. Kuona, kutambua na kukwepa huchukua kama sekunde 12.5 kwa makadirio ya kawaida ya mafunzo, na kwa kasi hiyo umemaliza kilomita moja na nusu. Asubuhi ni mbaya zaidi. Upepo wetu huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo unatua ukitazama jua, na kioo kina vumbi la jana. Kifute kabla ya kuruka. Taa ziwashe mapema. Ndege ya bawa la juu inakuficha kilicho juu yako, na unapokata kona linakuficha upande unaoelekea; inua bawa kwanza, tazama, ndipo ukate. Kiangazi tafuta vumbi: ndege inayokimbia kwenye changarawe nyekundu inaonekana mbali. Masika msaada huo haupo.

Mwisho, watumie abiria. Mimi huwaambia kabla ya kuondoka: dakika kumi za mwisho tusiongee mengine, lakini ukiona ndege nipige begani. Muuguzi mmoja wa kliniki ya watoto alinipiga begani kwa nguvu, kumbe ni tai. Nikamshukuru, nikamwambia aendelee kutazama.