Namba ndani ya namba: ipe kila ngazi mtindo wake

Mkuu, umeuliza kwa nini kila ukiingiza kipengele kipya katikati ya hati, 3.2 inageuka 1.1, herufi zinaanza upya pasipotakiwa na aya nyingine zinahamia kulia zenyewe. Umesema pia kwamba umechoka na unataka kuziandika namba zote kwa mkono. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi nilishafanya, na ninajua mwisho wake.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuchapa na kusafisha hati ndefu: mikataba, kanuni, katiba za vikundi. Niliwahi kuletewa katiba ya chama kimoja usiku wa kuamkia mkutano mkuu, namba zote zimechapwa kwa mkono. Walitaka ibara mpya iingie baada ya ibara ya 5. Nikakaa nayo: 6 ikawa 7, 7 ikawa 8, hivyo hivyo hadi mwisho. Namba za pembeni zilikaa sawa, ila marejeo yaliyokuwa katikati ya sentensi sikuyagusa. Ibara ya kumwondoa mwenyekiti ilisema ufuatwe utaratibu wa 9.3, na 9.3 kwa wakati huo ilikuwa inahusu ada za uanachama. Jambo hilo liligunduliwa ukumbini, watu wakiwa na nakala mikononi. Tangu siku hiyo sijachapa namba ya kipengele kwa mkono.

Sasa tuje kwenye tatizo lako. Programu nyingi za kuandikia zimeweka mbele kitufe chepesi cha 1, 2, 3. Kitufe hicho kinafaa kwa orodha fupi ya mambo matano. Kila unapokibofya upya, programu inaweza kuanzisha orodha nyingine kabisa, hata kama kwa macho unaona ni ile ile. Baada ya wiki mbili za kuhariri, hati yako inakuwa na orodha ishirini zinazofanana sura lakini hazijuani. Ndiyo maana namba zinaruka. Kwa kweli naona ni kosa la waliounda programu hizi kuficha njia sahihi na kuianika ile ya mkato.

Njia sahihi ni hii: namba iwe mali ya mtindo wa aya (style, yaani sura na mpangilio wa aya uliohifadhiwa kwa jina moja), na mitindo yote ifungwe kwenye orodha moja ya ngazi nyingi (multilevel list). Katika Word, tengeneza kwanza mitindo mitatu au minne, uipe majina unayoyaelewa: Ibara 1, Ibara 2, Ibara 3. Kisha nenda kwenye kitufe cha orodha za ngazi nyingi, kile chenye picha ya mistari inayoingia ndani kama ngazi, uchague kutengeneza orodha mpya. Dirisha litakalofunguka lina ngazi 9. Panua dirisha hilo kwa kitufe kilicho chini yake, maana sehemu muhimu kuliko zote imefichwa huko: mahali pa kuunganisha ngazi na mtindo. Ngazi ya kwanza iunganishe na Ibara 1, ya pili na Ibara 2, uendelee hivyo. Fanya yote kwa mkupuo mmoja, dirisha likiwa bado wazi.

Hapo ndani kuna mtego mmoja ambao nimewaona watu wengi wakiuingia. Kwenye kisanduku cha muundo wa namba utaona tarakimu yenye kivuli cha kijivu. Kile kivuli ndicho uhai wa namba. Maana yake programu inaihesabu yenyewe. Ukiifuta tarakimu hiyo ukachapa 1.1 kwa vidole vyako, kila kipengele cha ngazi ya pili kitasomeka 1.1 mpaka mwisho wa hati. Nukta na mabano chapa mwenyewe, hayana shida. Lakini namba ya ngazi ya juu ichukue kwenye menyu ya kujumuisha ngazi iliyotangulia, kisha weka nukta, halafu ndiyo ifuate namba ya ngazi yenyewe. Hakikisha zote mbili zina kivuli.

Ukimaliza hapo, kuandika kunakuwa rahisi. Kishale kikiwa mwanzoni mwa kipengele, Tab inakishusha ngazi moja na Shift+Tab inakipandisha. Ukitaka mstari mpya ndani ya kipengele kile kile bila namba mpya, bonyeza Shift+Enter. Usisogeze aya kwa kuburuta alama za rula wala kwa kubonyeza nafasi mara sita. Umbali wa kuingia ndani urekebishe kwenye dirisha la orodha tu, mara moja kwa hati nzima.

Marejeo nayo yasichapwe. Tumia amri ya kuingiza rejeo la ndani (Cross-reference), chagua kipengele chenyewe, kisha chagua namba kamili ili upate 4.2(c) badala ya (c) peke yake. Kabla ya kutuma hati, bonyeza Ctrl+A halafu F9, na marejeo yote yatajisahihisha. Kama kipengele kilichorejewa kilishafutwa, utaona onyo limetokea mahali pake, nawe utajua pa kwenda. Maelezo ya chini ya ukurasa hayaguswi na Ctrl+A, kwa hiyo bofya ndani yake urudie huko.

Kuna jambo dogo linalowasumbua wengi: namba inakuwa nzito au nyekundu wakati maandishi ni ya kawaida. Bonyeza Ctrl+Shift+8 uone alama ya mwisho wa aya. Namba hufuata sura ya alama hiyo, haifuati sura ya maneno. Ichague alama yenyewe, iondolee unene, namba nayo itatulia.

Kwa wanaotumia LibreOffice Writer, programu nyingine ya kuandikia, mpangilio ni wa wazi zaidi. F11 inafungua paneli ya mitindo, na mitindo ya orodha ina sehemu yake, yenye ngazi 10. Unaunda mtindo wa orodha, kisha unauambatisha kwenye mtindo wa aya.

Ngazi 9 au 10 zipo, lakini nakusihi usizitumie zote. Zikizidi nne msomaji anapotea. Angalia pia herufi: ngazi ya tatu ikiwa ni (a), (b), (c) na ya nne ni (i), (ii), (iii), basi kipengele cha tisa cha ngazi ya tatu kitakuwa (i), sawasawa na cha kwanza cha ngazi ya nne. Kwenye mkataba, hilo ni la hatari. Mimi ngazi ya nne huiwekea herufi kubwa.

Kuhusu faili lako la sasa, usijaribu kuliponya kipande kwa kipande. Hifadhi nakala. Fungua hati mpya, unda mitindo na orodha kama nilivyoeleza, kisha bandika maandishi yako yakiwa matupu, bila umbo lolote, kwa sababu ukibandika kwa njia ya kawaida utazihamisha na zile orodha mbovu. Namba za zamani zikionekana zimegeuka maandishi, zifute. Baada ya hapo pita aya moja moja ukiipa mtindo wake, ile nakala ya zamani ikiwa pembeni ili usikosee ngazi. Ukikwama kwenye dirisha la ngazi, weka hapa picha ya skrini nami nitakujibu.