Maswali ya Wasomaji: Dawa Imeyeyuka, Mbona Seli Zote Zimekufa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafanya utafiti wa uzamili kuhusu imatinibu, dawa inayozuia vimeng'enya vya kinasi. Nilipima miligramu 4.94, nikaziyeyusha katika mililita 1 ya DMSO (kiyeyushi cha dawa) ili nipate ukolezi wa milimola 10 kwa lita, kisha nikatia mikrolita 1, 5 na 10 katika mililita moja moja ya lishe ya seli. Penye mikrolita 10 lishe ilichafuka, na seli zote zikafa, hata zile zisizo na BCR-ABL, kinasi ya saratani ya damu ambayo ndiyo shabaha ya dawa hii. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwanza soma upya lebo ya kichupa. Hesabu yako imetumia 493.6, yaani uzito wa molekuli ya imatinibu tupu, lakini dawa hii mara nyingi huuzwa ikiwa chumvi ya mesilati, ambayo uzito wake ni 589.7. Ikiwa yako ni mesilati, ulipata takriban milimola 8.4, nawe ulipaswa kupima miligramu 5.9.

Hata hivyo, si hilo lililoua seli. Mikrolita 10 zilifikisha dawa karibu na mikromola 100, ilhali seli za K562, yaani seli za saratani ya damu zenye BCR-ABL, huathirika hata chini ya mikromola 1. Ukizidisha kiasi hicho, dawa hudhuru hata seli isiyohusika. Isitoshe, DMSO nayo ilipanda kutoka asilimia 0.1 hadi 1, kwa hiyo huwezi kusema ni kipi kilichoua.

Punguza ukolezi ndani ya DMSO yenyewe: kutokana na akiba (myeyusho wako wa kwanza) ya milimola 10, tengeneza ya milimola 1 na ya 0.1, kisha kila mililita ya lishe yenye uvuguvugu uitilie mikrolita 1 tu huku ukiichanganya. Utapata mikromola 10, 1 na 0.1, na DMSO itabaki asilimia 0.1 kote. Seli za kulinganishia zipewe mikrolita 1 ya DMSO tupu. Kuziachia lishe pekee ni kulinganisha visivyolingana. Kabla ya kuwapa seli, tazama lishe kwa hadubini, na ukiona vijiti au chembe zinazometa, yaani dawa iliyoshindwa kubaki imeyeyuka, imwage.

Akiba igawe katika vichupa vidogo vya kutumia mara moja, uvihifadhi kwenye friza. DMSO huganda kwenye nyuzijoto 18.5, hivyo hata kiyoyozi kikali chaweza kuigandisha mezani. Subiri iyeyuke yote, uitikise, ndipo uchukue pipeti.